Picha ya Mdomo wa Wingu

1

"Kichwa chako, Mhehe, kingekuwa sufuria tungepikia msiba wa watu mia mbili na ukoko ungebaki," Dorika alisema, macho barabarani, mikono yote miwili kwenye usukani.

Nikatazama kioo kidogo kwenye dashibodi. Namba ikaruka kutoka mbili hadi tatu.

"Maikrofoni iko wazi," nikamwambia.

"Ifunge wewe. Mimi naendesha."

Nikaifunga. Namba ikabaki pale pale kwenye tatu. Nje kulikuwa na kijiwingu kimoja tu, cheupe, kimekaa peke yake kama pamba iliyotoka kwenye godoro bovu. Lakini najua huko ofisini Dodoma kuna mtu alishaona daraja la tatu ukutani kwake, akaacha chai yake, akaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

Ilikuwa mwisho wa Machi, ile wiki ya mawingu makubwa ambayo zamani tulikuwa tunaiita wiki ya sikukuu. Zamani hiyo mimi nilikuwa na stashahada yangu mpya ya hali ya hewa na kazi ya kupima mvua kwa kopo na rula, na Dorika Mbijima alikuwa dereva wa gari la chanjo. Ikifika Jumamosi tunapanda Landrova ya dizeli ambayo milango yake ilifungwa kwa kamba, tunakwenda kutafuta mawingu. Hatukutumwa na mtu. Wengine walikuwa wanafuata mpira, sisi tunafuata dhoruba. Picha zangu zilibandikwa kwenye vibanda vya vinyozi vyote kuanzia Manyoni mpaka Kongwa. Ukikaa kunyolewa unaangalia wingu langu la mwaka fulani, limesimama juu ya mbuyu mmoja na ng'ombe wanne, na kinyozi anakwambia, "Hiyo kapiga yule Kihwele, chizi mmoja wa Iringa."

Kamera tuliiacha inarekodi tangu tunaondoka mpaka tunarudi, kwa hiyo na midomo yetu ilirekodiwa. Watu wengine wakiogopa wanasali. Dorika akiogopa anatukana, na wa kutukanwa ni mimi, maana Mgogo na Mhehe ni watani na kesi ya utani haina rufaa. Wingu likiwa dogo ananisema viatu. Likikua anapanda kwenye masikio. Likianza kuzunguka anafika kwa babu yangu mzaa baba, marehemu, ambaye hakuwahi kumwona. Na mimi namrudishia. Miaka ishirini na miwili tulifanya hivyo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Halafu ikaja ile mvua ya mawe iliyoangukia mnada wa Ng'hulilo. Watu kumi na saba. Siku ile tulikuwa upande mwingine wa kilima tunapiga picha, na picha ni nzuri, na sijaibandika popote. Baada ya hapo nchi nzima ikakubali Tulizo, mashine ya kupima mawingu na kuyapasua kabla hayajaua.

Wahandisi wa Tulizo walikuja mpaka nyumbani. Vijana wapole, wananiita mzee wakati nilikuwa na miaka arobaini na nne. Wakasema mashine inahitaji kufundishwa wingu la hatari likoje, na hakuna mwenye mkusanyiko kama wangu. Nilivaa koti. Nikatia saini. Nikawapa saa mia tisa za picha na sauti, nikapigwa picha nikikabidhi.

Hakuna aliyefikiria kilichomo ndani ya sauti zile. Hata mimi.

Tuligundua miaka miwili baadaye, tukiwa tumeshaajiriwa kuipelekea picha na sauti. Dorika alikuwa na jino linauma, akakaa kimya siku nzima. Wingu jeusi kama masizi, radi zinapiga kushoto na kulia, Tulizo akatoa daraja la pili. Wiki iliyofuata nikamalizia karanga za Dorika bila ruhusa. Alinitukana kwa nusu saa chini ya wingu la ukubwa wa leso. Daraja la sita. Nusura tuvuruge ratiba ya mkoa mzima. Tulisimamisha gari, tukatazamana, tukaelewa pamoja. Mashine haikuwa inapima wingu peke yake. Ilijifunza kwamba ukali wa mdomo wa Dorika ndio ukali wa mbingu, na majibu yangu ndiyo uthibitisho.

Tulicheka mpaka tukalazimika kushuka kwenye gari.

Hatukumwambia mtu. Tungesema, wangetuondoa na kuweka watu wanaoongea kama barua ya halmashauri. Na isitoshe, mambo yalikuwa yanakwenda: wingu likiwa kubwa kweli Dorika anaogopa kweli, namba inatoka sahihi. Ni kama saa mbovu ambayo umeshaizoea, unajua inachelewa dakika ngapi.

2

Niseme kidogo jinsi kazi ilivyokuwa, kwa wale waliozaliwa baada yake.

Setilaiti inaona kichwa cha wingu. Rada inaona tumbo. Lakini mdomo, pale chini linapovutia hewa ya moto ya kulilisha, huoni mpaka usimame chini yake kwa miguu yako. Vipasuzi vinaingia kwa mdomo. Ni vidude vya kuruka vya upana wa ungo, vinakwenda kundi la arobaini, vinamwaga chumvi na joto ndani ya koo la wingu mpaka linakosa pumzi. Vikiingia kwa mlango mwingine vinapigwa na mawe na kuanguka kama kumbikumbi. Kwa hiyo anahitajika mpiga picha chini, na dereva wake kama shahidi. Picha ni nusu ya ushahidi, sauti zao wawili ni nusu nyingine, maana kuna watu waliwahi kutuma picha za uongo. Ikifika daraja la saba, vipasuzi vinafunguliwa.

Wingu likipasuliwa linageuka mvua ya kistaarabu. Inaanza saa kumi, inakwisha saa kumi na mbili, haimwamshi mtoto. Inanywewa na ardhi papo hapo. Mawe hakuna. Mafuriko hakuna.

Siku hiyo tulipanda kilima cha minara miwili saa saba mchana. Lile gari la ofisi lilikuwa la kujiendesha lenyewe, lakini Dorika aliuzima usukani wa mashine siku ya kwanza tu, akasema hapandi kitu kinachofikiri kuliko abiria wake.

Kile kijiwingu cheupe kilikuwa kimekua. Dakika arobaini tu. Kilipanda juu, kikagonga dari ya mbingu, kikatandaza kichwa bapa kama fuawe la mhunzi. Upepo uliokuwa unatupiga usoni ukasimama. Halafu ukaanza tena, safari hii kutoka mgongoni, unakwenda kule kule kwenye wingu, umebeba majani makavu na harufu ya udongo uliolowa mahali fulani mbali. Nywele za shingo zikanisimama. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu na magoti mabovu, lakini nakwambia pale nilikuwa kijana wa Landrova.

"Dorika," nikasema, "linazunguka."

Chini ya tumbo jeusi kulikuwa na kipande kilichoning'inia, kijivu cha bluu, kinajizungusha polepole kama mwanamke anayejipima kitenge. Miaka tisa sijaona mdomo ukizunguka. Siku hizi mawingu yalikuwa yanapasuliwa bado machanga.

Nikasubiri nitukanwe. Kimya.

Nikageuka. Dorika alikuwa ameegemea boneti, mikono kifuani, haangalii wingu. Anaangalia kusini, kule ardhi inakoshuka kwenda mbuga ya Bahi. Kwao.

"Vipi? Jino?"

"Sina jino, niliwaachia hospitali." Hakucheka. "Mama amepanda mbegu mara mbili mwaka huu. Zimeota vidole vitatu, zimekufa."

Nilijua habari za Bahi, nani asijue. Mpunga wa kule haunyweshewi na mvua ya kuanguka juu yake. Unanyweshewa na maji yanayoshuka kwa fujo kutoka huku juu, kwa makorongo, matope tupu, yanajaa kwenye majaruba na kutulia. Hiyo mvua ya kistaarabu haishuki. Msimu wa tatu huo majaruba yalikuwa makavu.

"Amebakiza mbegu kiasi gani?"

"Debe moja. Ile ya asili, ya bibi yake. Ikifa hiyo, basi, hakuna pa kuipata." Akajifuta pua kwa mkono. "Kijiji kizima ni hivyo. Watu wanahama, Mhehe. Wanaondoka na milango yao."

Nikaangalia kioo. Tulizo alikuwa ameshachora njia ya wingu, mstari mwekundu. Unatoka hapa tulipo, unapita juu ya Chikomba baada ya dakika hamsini, halafu unamwagika kwenye makorongo yote yanayokwenda Bahi.

Chikomba ni kwangu. Ndiko nilikooa. Mke wangu Eunike alikuwa pale, na nusu eka yetu ya zabibu, na kaya arobaini zenye mizabibu kama sisi. Zilibaki siku kumi na mbili kuvuna. Mashada yalikuwa yameshaanza kugeuka rangi. Mvua ya mawe ya dakika kumi ingeyafanya uji.

Dorika alikuwa ameuona mstari kabla yangu. Ndiyo maana alikuwa kimya. Mtani wangu huyu alishaniomba kila kitu duniani: shati nililovaa, kuku, redio, hata siku ya harusi yangu alidai aondoke na bibi harusi kama fidia. Siku alipokuwa na kitu cha kuomba kweli, hakuomba.

3

Nilipiga picha. Hilo nataka lieleweke. Niliweka miguu mitatu ya kamera chini, nikaishika kwa mikono miwili upepo usiiangushe, nikapiga. Mdomo wote umo, na mvua inayoanguka nyuma yake kama pazia, na jua limepenya pembeni likaipaka kingo rangi ya chungwa. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilisikia aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Halafu nikampigia Eunike.

"Baba Remi, mbona huku upepo umekata?" akaanza yeye.

"Mama Remi, sikiliza. Kuna wingu linakuja kwenu. La zamani. Lina mawe."

"Si uko nalo? Si ndiyo kazi yako?"

"Niko nalo."

"Basi lipige picha, walipasue."

Eunike tumeishi miaka ishirini na sita, kimya changu anakisoma kama gazeti.

"Hiyo mvua ni ya Bahi," akasema. "Ni ya kina Dorika."

"Ndiyo."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni. Nikawaza kwa haraka jinsi mtu anavyowaza akitaka kujipa haki. Mzabibu ukivunjwa unachipua tena, msimu ujao unazaa. Ile mbegu ya debe moja haichipui mara mbili. Hesabu ni rahisi. Ila zabibu zangu naweza kuzitoa sadaka. Za Mzee Ndahani, jirani yangu, ambaye ana miaka sabini na sita na hana kingine, nazitoa kama nani?

"Mama Remi, nadhani nitaliacha lipite."

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuambia."

"Basi usiniambie mimi peke yangu. Shamba ni la watu arobaini."

"Muda hautoshi kuitisha mkutano."

"Muda hautoshi," akarudia, taratibu, kama anaonja chumvi. "Haya. Acha nikaingize watu shuleni, pale juu pana zege. Na wewe usisimame njiani kupiga picha nyingine."

Akakata.

Tulizo akaita. Ile sauti yake ya kike, laini, ya nesi wa zamu ya mchana. "Picha imepokelewa. Asanteni. Naomba sauti ya dereva. Sekunde thelathini. Eleza unachokiona."

Nilitegemea Dorika aseme neno moja la adabu. Ndicho alichokuwa anakihitaji tu. Aseme "naona wingu," basi, mama yake apate maji. Nikamsogezea maikrofoni, nikamwangalia kama kumwambia, endelea, nimekubali.

Akaichukua. Akanitazama. Macho yalikuwa yamejaa.

"Naona Mhehe mmoja hapa," akasema, "ana masikio kama milango ya gari la maiti, yamefunguliwa yote mawili. Naona pua, babu yake aliiazima kwa nguruwe pori akafa hajairudisha. Mawe yakimpiga huyu kichwani, nayahurumia mawe! Na magoti yake..."

Namba kiooni ikawa inapanda. Nne. Tano. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na Tulizo alijua kutetemeka huko, alifundishwa nako kwa saa mia tisa. Sita. Ndipo nikaelewa anafanya nini. Alikuwa anaiuza Bahi. Anaua mpunga wa mama yake mzazi kwa ajili ya zabibu zangu, na hakuwa na njia nyingine ya kuniambia kwamba ananipenda kama ndugu yake.

"... na mbwa wa Iringa yote wamepeleka malalamiko!" akamaliza, akanirushia maikrofoni kifuani.

Sita na nusu.

"Naomba sauti ya mpiga picha," Tulizo akasema. "Sekunde thelathini."

Ilikuwa imebaki kumrudishia tu. Tusi lolote, hata la kitoto, lingefika saba. Lilikuwa tayari mdomoni, kuhusu meno yake. Miaka ishirini na miwili, na hiyo tisa ya juu, Dorika hajawahi kurusha nikakosa kudaka.

Nikasafisha koo.

"Habari za mchana," nikasema. "Naitwa Tadei Kihwele, mpiga picha. Niko kilima cha minara miwili pamoja na ndugu Dorika Mbijima, dereva, mtu mwaminifu sana. Wingu ni kubwa. Linazunguka. Mdomo uko wazi, upana wa kilometa moja hivi. Kuna mvua ya mawe. Linaelekea Chikomba. Nashukuru kwa kunisikiliza."

Kila neno lilikuwa kweli. Sikudanganya hata herufi moja, na ndiyo maana mpaka leo linaniuma zaidi kuliko ningedanganya.

Namba ikashuka. Sita. Tano. Ikasimama kwenye nne.

"Daraja la nne," Tulizo akasema. "Hali inafuatiliwa. Asanteni, safari njema."

Dorika alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi kanisani.

"Umeniita ndugu," akasema.

"Ingia kwenye gari."

4

Zamani, kabla ya namba na vioo, tukiona wingu baya tulikuwa tunakimbia mbele yake tunapiga honi. Tatu ndefu, unapumzika, tatu ndefu. Wazee wote wa njia ile walizijua. Wakisikia wanafunga mbuzi, wanatoa nguo kambani, wanamtafuta bibi aliyekwenda kuchota maji.

Dorika alikanyaga. Lile gari la ofisi lilikuwa linalia ndani, linatuonya tunavunja masharti matatu, manne, matano. Nyuma yetu kulikuwa kumekuwa jioni ghafla, kijani kama maji ya bwawa. Nilitoa kichwa dirishani nikaona mstari mweupe unatembea juu ya vichaka, na mlio wake ni kama magari ya kokoto yanamwaga yote kwa pamoja. Sitasema uongo, moyo wangu uliimba. Nilitaka kusimama. Picha moja tu. Dorika akanivuta shati bila kuangalia, akanirudisha kwenye kiti, kama alivyokuwa anafanya tangu nikiwa na nywele.

Tukaingia Chikomba na honi tatu ndefu.

Watu wakatoka nje wanapiga vigelegele.

Nakwambia kweli! Miaka tisa bila dhoruba, honi ya mfululizo watu wameshaizoea ya harusi tu. Kinamama wametoka na vitenge wanavipepea, mmoja ananikimbilia dirishani anauliza, "Bibi harusi yuko wapi?"

"Ndani!" nikapiga kelele. "Ingieni ndani! Mvua ya mawe!"

"Mvua ya nini?"

Ndipo Mzee Ndahani akatokea kwenye kona, fimbo juu, anakohoa na kupayuka kwa Kigogo, na nadhani walimwogopa yeye kuliko wingu. Wakakimbia. Eunike alikuwa amesimama mlango wa shule anahesabu vichwa. Aliponiona hakunisalimia, akanihesabu na mimi.

Ilipiga dakika kumi na moja. Ndani ya darasa hakuna aliyesikia mwenzake. Mawe ya ukubwa wa limau yalikuwa yanaruka uwanjani kama vyura. Watoto ambao hawajawahi kuona barafu ikianguka walicheka, halafu wakaona sura za mama zao, wakaacha. Dorika alikaa sakafuni karibu na ubao, amejifunika uso.

Hakufa mtu. Mbuzi wawili walikufa, na bati za kaya sita ziliondoka.

Tulipotoka jua lilikuwa linawaka, nchi yote nyeupe, inatoa moshi. Kulikuwa na harufu moja ambayo sitaisahau, ya majani yaliyopondwa na zabibu mbichi. Nyaya za kushikilia mizabibu zilikuwa zimesimama, nguzo zimesimama, na kati yake hakuna kitu. Ni vijiti. Kama mtu alipita na kisu, shina kwa shina.

5

Simu ya Dorika iliita saa kumi na moja. Aliisikiliza akiwa ameipa kijiji mgongo. Hata mimi, hatua sita pembeni, nilisikia kelele ndani yake: maji. Maji mengi, na watu wanaitana juu ya maji, na sauti ya kizee inasema kitu kile kile tena na tena.

Alipokata alinigeukia. Aliufungua mdomo. Nilimwona anatafuta tusi, kubwa, la shukrani, la kunifikisha kwa mababu wote. Halafu akaangalia yale mashamba nyuma yangu, akaufunga. Akaenda kumsaidia Eunike kukusanya bati.

Mimi nikaenda kwa Mzee Ndahani.

Alikuwa ameinama kwenye mstari wake wa kwanza, anaokota mashada yaliyopasuka na kuyaweka kwenye ndoo, ingawa hayakuwa ya kuweka popote. Huyu mzee kila asubuhi akiniona ananiuliza kama nimemwona mbwa wake, na kama nimeshiba. Miaka ishirini na sita, utani ule ule wa Wahehe kula mbwa, na mbwa mwenyewe hajawahi kuwa naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ndugu Kihwele," akasema. "Pole na zabibu zako."

Afadhali angenipiga na ile fimbo.

Nikamwambia. Nilisimama kwenye barafu inayoyeyuka, viatu vinaingia maji, nikamwambia yote: mdomo ulionekana, picha ilikuwa nzuri, nikajua la kusema ili lisifike saba, nikalisema. Nikamwambia na ya Bahi, na lile debe la mbegu. Hakuacha kuokota.

"Maji yamefika?"

"Yamefika. Dorika amepigiwa sasa hivi."

"Vizuri." Akanyoosha mgongo kwa shida. "Mke wangu wa kwanza alitoka Bahi. Nimekula sana mpunga wa kule." Akalitazama shada moja mkononi, akalitupa kwenye ndoo. "Ungeniuliza, labda ningekwambia liache lipite. Labda ningekataa. Sasa hata mimi mwenyewe sitajua ningekuwa mtu gani. Hilo ndilo umenichukulia. Zabibu zitaota."

Niliinama nikaokota shada moja, nikaliweka kwenye ndoo yake.

Akaonyesha kwa kidevu redio ya mkononi niliyokuwa nayo kiunoni, ya kuongea na Tulizo. "Na huyo mama wa kwenye mashine, anajua?"

"Hajui."

"Mwambie."

Nilijua maana yake. Nikisema jinsi tulivyofanya, sauti zetu zote zitafutwa, na sisi pamoja nazo. Lakini pia wingu lijalo litaulizwa kwa njia nyingine, na huenda hiyo njia ikapita Chikomba na Bahi kabla ya kupita kwa mtu mmoja kilimani. Nikabonyeza.

"Tulizo, mimi Tadei Kihwele. Natoa taarifa. Daraja la nne la leo mchana halikuwa sahihi. Nililishusha mimi, kwa makusudi. Unapima wingu kwa utani wetu, na mimi nilijua. Mvua ya mawe imeharibu zabibu za kijiji kizima. Naomba taarifa hii ifike kwa mkuu wa kituo."

Redio ikakwaruza, anapima.

"Daraja la kwanza," Tulizo akasema kwa upole wake. "Hali ni shwari. Asante kwa taarifa."

Mzee Ndahani aliiangalia ile redio muda mrefu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nyaya, tone kwa tone, shamba zima.

"Hajakusikia," akasema.

"Ndivyo alivyofundishwa, mzee."

"Si wewe uliyemfundisha? Mfundishe tena." Akaweka ndoo chini, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Rudia. Na usiseme kijiji kizima. Kijiji kizima hakina shamba. Sema majina yetu, mmoja mmoja, na mashina yetu. Tuone atasema shwari mara ngapi."

Nikabonyeza.

"Ndahani Malogo," nikasema. "Mashina mia nne na kumi."

"Na kumi na mbili," akanisahihisha. Halafu akachukua fimbo yake, akaenda kuwaita wengine.